Nyoka hujivua gamba, havuliwi

Katika muhula wa pili wa mwaka 2024 nilialikwa kuwa mgeni wa heshima kwenye siku ya sayansi ya shule moja ya upili ambayo sitaitaja. Mwanaisimu kualikwa siku ya sayansi ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini mwalimu mkuu alisoma nami zamani, na mgeni aliyetarajiwa alipata udhuru siku mbili kabla ya sherehe. Nikaenda. Niliketi safu ya mbele, chini ya hema, pamoja na wanabodi na wazazi. Tulionyeshwa mtambo wa kuchemshia maji kwa nguvu za jua, tukaonyeshwa mlima wa udongo unaotoa povu, na mwishowe likaletwa sanduku la mbao lenye kioo upande mmoja. Ndani yake mlikuwa na nyoka.

Alikuwa nyoka wa kahawia ambaye urefu wake haukufika mita moja, wa aina ile isiyo na sumu ambayo huingia majumbani na maghalani kufuata panya. Klabu ya wanyama ya shule ile ilikuwa imemfuga kwa miezi kadhaa. Mwalimu wa biolojia alisimama kwa bashasha, akaeleza kwamba wanafunzi wake wameishinda hofu ya nyoka, na kwamba wazazi watajionea wenyewe. Kabla hajafungua kifuniko, mvulana mmoja aliyevaa koti jeupe la maabara alimsogelea, akamnong'oneza. Nilikuwa karibu nikasikia.

"Mwalimu, leo tumwache. Macho yake yamekuwa meupe."

"Wageni wamekwisha fika, bwana. Tutamwacha kesho."

Niliyatazama macho ya yule nyoka kupitia kiooni. Yalikuwa na utando wa rangi ya maziwa yaliyotiwa buluu kidogo, na ngozi yake ilikuwa imepauka kama kiatu kilichokosa rangi mwezi mzima. Nilijua maana yake. Nililijua jambo lile vizuri kuliko ambavyo ningependa kulijua, kwa sababu nitakazozieleza hivi punde. Hata hivyo sikusema neno. Mgeni wa heshima hamkatizi mwalimu mbele ya wazazi, ndivyo nilivyojiambia.

Nyoka akatolewa, akapitishwa mkono kwa mkono. Mwanafunzi wa kwanza alimshika salama, na wa pili pia. Wa tatu, msichana wa kidato cha pili, aliupeleka mkono wake kutoka juu, upande wa kichwani, na nyoka akamng'ata kidole. Msichana akapiga yowe akamtupa, viti vikapinduka, na kabla mwalimu hajawahi kuinama, mzazi mmoja alikuwa amekwisha kumponda nyoka kichwa kwa kiti cha chuma. Alipigiwa makofi.

Msichana hakudhurika ila kwa alama chache za meno na machozi. Yule mvulana mwenye koti jeupe ndiye aliyenikaa rohoni. Alisimama kando ya sanduku tupu, hakulia wala hakusema kitu. Katika watu wote waliokuwa chini ya lile hema, yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi ya sayansi siku ile: alimtazama mnyama wake, akaona badiliko, akalifahamu, akaonya. Naye hakusikilizwa.

Sasa hebu tutazame kile alichokiona. Ngozi ya juu ya nyoka haikui pamoja naye. Sisi binadamu tunapukutisha ngozi yetu kila siku kwa vipande vidogo mno, hata hatuna habari. Nyoka hungoja, kisha akaiacha yote kwa mkupuo mmoja. Mchanga anayekua upesi huweza kufanya hivyo kila baada ya majuma manne au sita; mkubwa, mara chache tu kwa mwaka. Kwanza rangi hufifia. Chini ya ngozi kuukuu ngozi mpya imekwisha kuumbika, na kati ya hizo mbili mwili humimina majimaji ili zitengane. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja kinachopitisha nuru, na kwa kuwa kigamba hicho ni sehemu ya ngozi, hapana budi nacho kibadilishwe. Majimaji yanapofika chini yake, jicho hugeuka likawa kama la mzee mwenye mtoto wa jicho. Kwa siku kadhaa mnyama yule huuona ulimwengu kama abiria wa matatu anayetazama nje kupitia dirisha lenye ukungu.

Baadaye macho hurudi kung'aa, na hapa ndipo wafugaji wageni hukosea, kwani hudhani kuwa shughuli imekwisha. Haijaisha. Gamba lenyewe hutoka siku chache baada ya hapo. Safari nzima, tangu rangi ianze kufifia, huchukua juma moja au mawili, na katika muda huo wote nyoka hujificha, mara nyingi hukataa chakula, na hughadhibika upesi hata akiwa mpole kwa desturi yake. Si ukatili. Haoni vizuri mkono unaomjia ni wa nani wala unataka nini. Fauka ya hayo, ile ngozi mpya iliyo chini bado ni laini, na kumshika, kumvuta au kumpapasa kunaweza kuitia majeraha au kuichana ya juu kabla ya wakati wake. Siku ikiwadia, husugua pua yake kwenye jiwe au kipande cha gogo, ngozi ikapasuka mdomoni, naye akatambaa kutoka ndani yake huku akiipindua, mithili ya mtu anayevua soksi kuanzia juu. Kinachobaki ni kirefu kuliko nyoka mwenyewe kwa sababu kimenyooshwa, na ukikitazama upande wa kichwani utaviona vile vigamba viwili vya macho, safi kama vioo vya saa.

Mengi kati ya hayo sikuyapata vitabuni. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu Marekani, katika jimbo la Wisconsin, nilikaa nyumba moja na kijana wa huko aliyekuwa akisomea uhandisi. Alikuwa na chatu. Msomaji asishtuke, huyu hakuwa chatu wetu anayeweza kummeza mbuzi. Alikuwa wa aina ndogo inayopatikana Afrika ya Magharibi na ya Kati, isiyozidi sana urefu wa mita moja, ambayo ikiogopa hujiviringisha ikawa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Wengi wao wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kuuzwa katika maduka ya wanyama ng'ambo. Kwa hivyo tulikuwa Waafrika wawili katika nyumba ile, mimi kwa viza, yeye kwa risiti.

Mwezi wa Desemba mwaka 2010 mwenzangu alikwenda kwao kwa likizo ya Krismasi, akaniachia nyoka wake pamoja na karatasi ya maagizo aliyoibandika kwenye mlango wa jokofu. Kulikuwa na habari za joto, za maji, za panya mmoja kila juma, na mstari mmoja wa mwisho: macho yakigeuka buluu, usimguse, ongeza unyevu. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kusoma sentensi za watu kwa makini nilizisoma zote, nikazitekeleza zote isipokuwa hiyo moja.

Juma la pili macho yakageuka. Nikaogopa. Niliwaza kwamba mnyama amepatwa na maradhi mikononi mwangu, na kwamba kukaa kitako nikimtazama ni uzembe. Nikawa namtoa kila jioni, nampangusa kwa kitambaa kikavu, nayamulika macho yake kwa tochi. Nje theluji ilifika magotini. Ndani hita iliwaka usiku na mchana, na hewa ya nyumba ikakauka kiasi cha kuipasua midomo yangu. Hewa kavu ni adui wa gamba. Lilipoanza kutoka, halikutoka kama soksi, lilitoka vipande vipande kama chokaa ya ukuta mzee. Pakabaki pete ya ngozi kavu kwenye ncha ya mkia, na pakabaki kigamba kwenye jicho la kulia.

Ile pete ya mkiani ni ya hatari, kwa maana ikizidi kukauka hukaza, damu ikakosa njia, na ncha ya mkia ikafa. Hiyo nilibahatisha: nilimzungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, ikalainika, akaivua mwenyewe alipopenyeza mkia kwenye mikunjo. Laiti ningeishia hapo! Lakini jicho moja likimeta na jingine likiwa na utando lilinikera. Nilichukua kikoleo kidogo cha kung'olea nyusi, nikashika ukingo wa kile kigamba, nikavuta.

Sitaeleza zaidi. Daktari wa wanyama aliniambia, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kwamba kigamba cha jicho hakivutwi. Mnyama huwekewa maficho yenye unyevu, taulo mbichi au kuvumwani, akaachwa. Mara nyingi kigamba kilichobaki hutoka pamoja na gamba linalofuata. Kisipotoka, hiyo ni kazi ya daktari, si ya mpangaji. Chini ya kile nilichokivuta palikuwa na kigamba kipya kichanga, nami nilikiharibu. Jicho lile halikuona tena. Mwenzangu aliporudi hakunigombeza. Aliibandua ile karatasi kwenye jokofu, akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho, akaibandika tena palepale.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa lugha, nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilihitaji karatasi ya Kiingereza kuniambia jambo ambalo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuniambia tangu utotoni. Twasema nyoka hujivua gamba. Kitenzi vua ni kinyume cha vaa, kama fungua kilivyo kinyume cha funga. Wengine husema nyoka hujiambua, na kitenzi hicho nacho kina mwenziwe, ambata, yaani kushikamana na kitu. Sauti ile ya -at- twaisikia pia katika kamata na fumbata, maneno ya kugusana na kushikana. Kilichoambatana huambuka. Lakini tazama kile kiambishi kidogo, -ji-. Kinasema kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Mtoto mchanga huvuliwa nguo na mamaye, samaki tunampaa magamba, ng'ombe huchunwa. Nyoka aliyekufa naye huchunwa, ngozi ikafanywa mkoba. Nyoka aliye hai hujivua. Sijapata kumsikia mzungumzaji yeyote wa lugha hii, wa bara wala wa pwani, akisema kwamba amemvua nyoka gamba, na wanafunzi wangu wa isimu nikiwaandikia sentensi hiyo ubaoni hucheka kabla hawajajua wanachokicheka.

Umoja na wingi pia una habari yake. Magamba ni yale madogo madogo yaliyopangana mwilini kama vigae. Gamba, kwa umoja, ndilo lile vazi zima linaloachwa. Magamba ya samaki ukiyapaa yanaruka moja moja, ilhali ya nyoka yamefumwa katika ngozi moja isiyokatika, ndiyo maana hutoka yote kwa pamoja. Mwaka 2011, chama tawala cha Tanzania kilipotangaza kwamba kinajivua gamba, msemo huo ulivuka mipaka, hata wanasiasa wetu wakaukopa pasipo kuuliza bei. Nilitazama kwa hamu ni nani angeuharibu kwanza, akaufanya wa kuvuana magamba. Hawakukawia.

Narudi shuleni. Najua nitakachojibiwa na walimu wenzangu, nami nakiheshimu. Watasema kwamba watoto wetu wamelelewa katika hofu, kwamba kila nyoka anayeonekana kijijini hupigwa hadi akawa uji, na kwamba mwalimu yule alikuwa akijaribu kuiondoa hofu hiyo kwa njia pekee inayofaa, yaani kugusa. Naafiki. Mwalimu yule amefanya makubwa kuliko wengi wetu ambao hutundika picha ya nyoka ukutani tukadai tumefundisha. Lakini hebu tujiulize: siku ile wazazi walijifunza nini? Walijifunza kwamba nyoka wa kufugwa akishikwa kwa upole humng'ata mtoto, na kwamba dawa yake ni kiti cha chuma. Hofu iliyokuja na wazazi asubuhi iliondoka nao jioni ikiwa imenenepa. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na darasa zima limetafunwa.

Somo kubwa lilikuwa pale kiooni, na lilikuwa bure. Mwalimu angewaita wazazi wawili wawili waje wayatazame yale macho. Angemsimamisha yule mvulana aeleze kwa nini leo mnyama hashikwi. Klabu ilikuwa na gamba la zamani, kwa maana nililiona baadaye limebanwa katika daftari. Lingepitishwa kwa mikono yote mia mbili, likapimwa, likamulikwa juani, na hakuna ambaye angelia. Hata mtu mzima angestaajabu kuona kwamba nyoka huvua mpaka macho. Lakini sherehe zetu za shule zina ugonjwa wake. Ratiba imechapishwa, wageni wameketi, mkurugenzi wa elimu atasimama kuzungumza saa saba, na kile kilichoandikwa kwamba kitaonyeshwa lazima kionyeshwe, kiwe mzima kisiwe mzima. Nimeona mwanafunzi mwenye homa akikariri shairi katika hali hiyohiyo.

Nami nilikuwa nani wa kumlaumu mwalimu? Yeye hakujua, mimi nilijua. Ningeinuka tu nikasema, kwa hisani yako mwalimu, huyu anajiandaa kujivua. Sekunde tano. Nilichelea kuonekana mjuaji. Nilipomwambia mvulana yule baadaye kwamba alikuwa amesema kweli, alinitazama akauliza, "Daktari, ulikuwa unajua?" Nikamjibu kwamba nilijua. Hakuuliza lingine.

Kuna mambo mawili nisiyoweza kuyaacha, japo yanatoka kidogo nje ya gamba. La kwanza, mzee mmoja wa bodi alikuwa amekwisha kutoa wembe ili amchanje yule msichana kidoleni, na mwingine alikuwa akiulizia jiwe jeusi. Nyoka yule hakuwa na sumu, na kuosha kidonda kwa sabuni na kwenda zahanati kulitosha. Lakini hata angekuwa wa sumu, wembe hautoi sumu, huongeza jeraha. Mwenye kung'atwa na nyoka wa sumu au asiyejulikana hutulizwa, kiungo kikazuiwa kutikisika, akapelekwa hospitalini upesi. Shirika la Afya Duniani liliitia sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, na sisi walimu hatuna sababu ya kuendelea kuipuuza. Wala mwanafunzi asisome makala hii akaenda kichakani kumtafuta wa kumfuga. Kifutu na swila nao macho yao hugeuka meupe, na mwenye kifutu asiyeona vizuri hapati nafasi ya pili ya kujifunza.

La pili ni kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu, wala shule, kumweka mnyama wa mwitu hivihivi. Asiye na kibali anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye bustani ya nyoka ya makumbusho ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961, au kwa walio pwani, kwenye kituo cha Bio-Ken pale Watamu, kilichoanzishwa mwaka 1980. Huko watamwona nyoka nyuma ya kioo, pamoja na watu ambao kuwatunza ndiyo kazi yao, na wakibahatika wataona mmoja amejikunja kwenye kona, macho ya maziwa, hataki mgeni.

Mwezi uliopita nimepokea barua. Ni ya yule mvulana, imeandikwa kwa hati safi, na ndani yake amekunja kipande cha lile gamba la zamani, sehemu ya kichwa. Anauliza kama klabu yao inaweza kupata nyoka mwingine, na kama ningekubali kuwaandikia waraka wa kuunga mkono ombi lao la kibali. Ameambatisha kanuni walizozitunga wenyewe. Ya tatu yasema kwamba ngozi ikianza kufifia, sanduku litatundikwa kibao cha ASIGUSWE, na kwamba kibao hicho hakitaondolewa na mwalimu, wala mwalimu mkuu, wala mgeni wa heshima, mpaka gamba litoke. Nimemwandikia mwalimu wake kumwuliza kama naye ametia sahihi kanuni hizo. Nangoja jibu lake, na waraka wangu nimekwisha kuuandika.